Namna ya Kupima Urithi wa Kisukari Katika Ukoo Wako

Mtu wa Mombasa akisikia kwamba jeni za kisukari zimegunduliwa, aghalabu hudhani kuna kipimo kimoja kitakachomwambia kama maradhi ya bibi yake yatamfika na yeye. Kabla ya kutoa pesa zako, uliza kwanza kipimo hicho kilitengenezwa kwa damu ya watu gani.

Wachina ndio mfano ulio wazi. Mwaka 2006 watafiti wa Iceland walitangaza jeni iitwayo TCF7L2, ambayo badiliko lake la hatari hubebwa na Wazungu wengi, lakini kwa Wachina ni adimu. Mwaka 2008 Wajapani wakaiona KCNQ1, inayohusika na utoaji wa insulini kwenye kongosho, nayo ikathibitika kwa Wachina na Wakorea. Tafiti za Ulaya zilikuwa zimeipita kwa kuwa huko watu hawatofautiani sana katika jeni hiyo. Kwa hiyo hesabu ya hatari iliyopangwa kwa Wazungu humpima Mchina vibaya, na sioni kwa nini impime vizuri Mswahili, ambaye asili yake, kama mifupa ya makaburi ya kale ya Mtwapa na kwingineko pwani ilivyoonyesha mwaka 2023, imechanganya Afrika na Uajemi.

Kipimo cha kuanzia, basi, ni karatasi na kalamu. Andika wazazi, ndugu, mababu, ami, shangazi, mjomba na khalati, na mbele ya kila jina umri aliopatwa na sukari. Uliza kwa adabu na kwa subira, maana wazee wengi hawatasema “kisukari”. Watasema marehemu alikatwa mguu, au macho yalimwishia, au figo zilimshinda, na dalili hizo ziandikwe pia, pamoja na alama ya shaka. Mzazi au ndugu wa baba na mama mmoja anashiriki nusu ya urithi wako, shangazi robo. Mke wa ami hahesabiwi kwako, ila kwa watoto wake. Pale binamu walipooana, mtu mmoja huweza kuingia pande zote mbili: mchoree mistari miwili, usimwandike mara mbili.

Ikiwa mzazi au ndugu yumo miongoni mwa waliougua, nenda kliniki asubuhi ukapimwe sukari ya damu, baada ya kukaa muda wa saa 8 au zaidi bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji, yaani hata chai ya maziwa na mahamri vingoje. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita (mmol/L) ni onyo, na 7.0 kwenda juu ni kisukari, ingawa asiye na dalili hurudiwa kupimwa.

Onyo hilo si hukumu. Huko Da Qing, China, kuanzia mwaka 1986, watu 577 waliokuwa karibu na kisukari walifuatiliwa miaka 6: kati ya walioachwa bila mpango, takriban 68 katika kila 100 waliugua, kati ya waliofanya mazoezi, 41.

Karatasi yako ikionyesha sukari iliyoshuka vizazi 3 mfululizo, nayo ikiwaanza watu wembamba kabla ya miaka 25, mpelekee daktari bingwa wa homoni, kwa sababu huenda ni kisukari cha jeni moja, na hapo kipimo cha jeni huweza kubadilisha hata dawa anayopewa mgonjwa.