Ukomo mmoja wa mkopo kwa duka zima kabla ya msimu wa korosho

Wenzangu wenye maduka ya rejareja Newala, Tandahimba na Masasi, kabla wateja hawajaanza kuchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa korosho zikiuzwa, andikeni juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la madeni kiasi kimoja ambacho duka zima linaweza kukopesha, tuseme shilingi 300,000, na kila mtu anapochukua kilo ya sukari au lita ya mafuta, punguzeni thamani yake papo hapo na kuandika salio jipya mbele yake. Wengi wetu huweka ukomo wa kila mteja peke yake, nao hautoshi, kwa kuwa wateja 20 wenye madeni madogo humaliza mtaji sawasawa na mmoja mwenye deni kubwa, ilhali muuzaji wa jumla anataka fedha taslimu. Salio likiisha, mwonyesheni mteja daftari. Hesabu anayoiona kwa macho yake haimvunjii heshima, na kwa jirani jambo hilo ni kubwa. Kiasi hicho kisizidi fedha mnazoweza kukaa bila kuzigusa hata malipo yakichelewa, kwani mkulima hulipwa baada ya korosho kuuzwa mnadani kupitia chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, wala si siku anayozipeleka ghalani. Njia hii hushindwa pale wauzaji wawili wanapotumia madaftari tofauti, au anayeachiwa duka jioni anapokopesha bila kuandika.