Jinsi ya kusoma tope la kale la pwani: anza na mwamba wa Changamwe

Pande za Changamwe na Miritini, hapa Mombasa, pale barabara ilipokata kilima ama mtu anapochimba msingi, utaona mwamba wa kijivu unaomeguka vipande bapa bapa. Hilo ni tope la bahari ya zama za Jurasiki, limekaa zaidi ya miaka milioni 145, na mara nyengine mna amonaiti ndani yake (visukuku vya mnyama wa bahari mwenye kombe la mviringo). Kwa hio bahari tushajua ilikuwepo, udongo wa mfinyanzi tunautaka utuambie huko bara lilikotoka tope kulikuwa na hali gani ya hewa.

Toa vipande vya ndani, vya juu vishapigwa mvua na jua, ukivipima utasoma hewa ya Mombasa ya leo bure. Ponda polepole, usisage unga. Tia tone la siki, ikitoa povu basi mna chokaa, loweka kwa siki iliyozimuliwa na maji mpaka povu liishe, asidi kali achana nayo inakula madini yenyewe.

Sasa maji, na hapa ndio wengi huharibu. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi inafanya chembe zishikane mabonge zizame upesi (ndio maana tope la mto hutua likikutana tu na bahari), kwa hio tumia maji ya mvua na uoshe, umwage, uoshe tena mpaka maji yabaki na ukungu hata ukiyaacha. Koroga kwenye chombo kirefu halafu usikiguse. Kwa nyuzi 20 chembe ya mikroni 2 (mikroni ni milimita moja ugawe kwa elfu, na chembe za udongo wa mfinyanzi ni za kadri hio kushuka chini) hushuka sentimita 10 kwa masaa 8 hivi, kwa joto letu hapa masaa sita na nusu yatosha. Vuta izo sentimita 10 za juu kwa bomba la sindano, dondosha kwenye kipande cha kioo, anika kivulini.

Kilichobaki ni kazi ya maabara yenye mashine ya eksirei ya madini. Omba wapime mara tatu, kikiwa kikavu, kikishatiwa glaikoli (kimiminika kinachoingia baina ya matabaka ya madini), na kikishachomwa nyuzi 550. Mashine hupima nafasi baina ya matabaka ya kila madini ya mfinyanzi, kwa angstromu, kipimo kidogo sana. Kaolini husoma angstromu 7 na hupotea ikichomwa, ilaiti hukaa 10 haitikisiki, smektaiti ikinywa glaikoli hufura mpaka 17.

Kaolini nyingi ni dalili ya joto na mvua kubwa huko bara. Smektaiti ni misimu ya mvua na kiangazi, ama majivu ya volkano. Paligoskaiti, madini mengine ya mfinyanzi, ni ukame na vidimbwi vya chumvi. Ilaiti mimi siiamini haraka, maana tope likizikwa kina kirefu smektaiti yenyewe hugeuka ilaiti kwa joto, hapo unasoma kina si hewa.

Halafu usipime kipande kimoja ukatangaza kiangazi. Kaolini hutua karibu na mlango wa mto na smektaiti husafiri mbali zaidi, kwa hio kaolini ikipungua kadri unavyopanda tabaka yaweza kuwa ufuo tu ulisogea bara. Chukua tabaka kadhaa kutoka chini kwenda juu, na kila mfuko uandike kina chake hapo hapo.