Kuku wageni bandani: ugomvi, msongo na wadudu

Kuku akidonolewa mpaka akatoka damu, macho ya wengi humwendea yule anayedonoa. Mshike kwanza anayedonolewa. Mpindue, fungua manyoya ya chini ya mkia, papasa kidari. Mara nyingi utakuta chawa, au mfupa wa kidari umechongoka kwa sababu ya minyoo. Wenzake waliujua unyonge wake kabla yako.

Mambo haya matatu, ugomvi, msongo na wadudu, yamefungamana. Safari na mahali pageni hushusha kinga ya mwili. Kinga ikishuka, minyoo na koksidia (vijidudu vya utumboni) hupata nafasi. Kuku akidhoofika hufukuzwa kwenye chakula, na akikosa chakula huzidi kudhoofika. Kinachosaidia ni kupanga kazi kwa zamu: pumzisha, kagua, tibu, ndipo uchanganye.

Siku za mwanzo

Tenga wageni siku 30, na zisipungue 21. Kideri, ugonjwa hatari wa kuku, kinaweza kukaa mwilini takriban wiki mbili bila dalili yoyote, hivyo kuwatenga kwa wiki moja ni kujidanganya. Banda lao liwe mbali na la wenyeji, na maji ya mvua yasitiririke kutoka kwao kwenda kwa wenzao. Kila siku hudumia wenyeji kwanza na wageni mwisho, kwa viatu na ndoo tofauti.

Kuku aliyesafiri apewe maji kwanza. Chakula kifuate baada ya saa moja hivi. Katika lita 4 za maji safi koroga sukari kijiko kikubwa 1, chumvi kijiko cha chai 1 na soda ya kuokea kijiko cha chai 1. Wape siku moja tu, kisha maji matupu. Usizidishe chumvi, kwani huua, hasa vifaranga. Chakula kiwe kilekile walichozoea kwa muuzaji, halafu ubadilishe taratibu kwa siku 7: robo ya kipya, nusu, robo tatu, kisha chote.

Dawa ya minyoo na chanjo zisubiri. Kuku aliyechoka hajengi kinga nzuri kutokana na chanjo. Dawa ya majini nayo haigawanyiki sawa siku ya kwanza: mwenye kiu hunywa kupita kiasi, na mwenye woga hagusi chombo kabisa.

Mayai yatapungua kwa wiki moja au mbili, na wengine watanyonyoka manyoya. Hilo ni la kawaida. Lakini kukoroma, macho yenye povu, shingo kupinda au kinyesi cha kijani si msongo. Ukiona hayo usiwachanganye na wenyeji. Mwite daktari wa mifugo.

Ukaguzi wa usiku wa tatu au wa nne

Nenda na tochi wakiwa wamelala. Hawatakimbia, na utitiri mwekundu hutoka usiku. Mdudu huyu haishi juu ya kuku. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao na chini ya fito za kulalia, na anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Ndiyo maana banda lililokaa tupu muda mrefu linaweza bado kuwa naye. Futa upande wa chini wa fito kwa kitambaa cheupe: ukiona madoa ya damu, yuko. Dalili nyingine ni upanga wa kichwani uliopauka na kuku wanaogoma kuingia bandani jioni. Kumpulizia kuku dawa peke yake hakufai kitu hapa. Toa fito, choma maranda ya zamani, sugua nyufa kwa maji ya moto na sabuni, acha zikauke, ndipo upulize dawa iliyoruhusiwa kwa mabanda ya kuku. Rudia baada ya siku 7, kwa kuwa kwenye joto utitiri hukamilisha kizazi ndani ya siku 7 hadi 10.

Chawa wao huishi na kuzaliana juu ya kuku. Tafuta mafungu meupe ya mayai kwenye mashina ya manyoya kuzunguka tundu la haja. Paka unga wa permethrini wa kuku hapo na chini ya mabawa, usugue mpaka ufike kwenye ngozi. Unga hauui mayai, kwa hiyo rudia baada ya siku 7 hadi 10. Anayeruka awamu ya pili atarudi kuilaumu dawa.

Viroboto wanaonata kuzunguka macho na upanga usiwang'oe kwa vidole, utachana ngozi. Wapake mafuta mazito ya mgando wakose hewa, ukiepuka jicho lenyewe, kisha ubadilishe maranda yote, maana viluwiluwi wao wako kwenye vumbi la chini.

Magamba ya miguu yakiwa yamenyanyuka na kuota ukoko mweupe, huo ni utitiri wa miguu. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni dakika 10, sugua kwa mswaki laini, kausha, paka mafuta ya mgando. Fanya hivyo kila baada ya siku 3 kwa wiki nne. Usibandue magamba kwa nguvu. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari huunguza; achana nayo.

Tumboni

Wiki ya kwanza ikiisha, wape dawa ya minyoo. Piperazini huua minyoo mikubwa ya mviringo pekee; levamisoli na fenbendazoli huua aina nyingi zaidi. Kiasi kifuate uzito wa kuku na kibandiko cha dawa. Rudia baada ya wiki 2 hadi 3, kwa kuwa wachanga waliojichimbia kwenye ukuta wa utumbo huponyoka dozi ya kwanza. Mayai yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite.

Kinyesi cha damu na kuku aliyejikunyata ni dalili za koksidia, anayestawi kwenye maranda yenye unyevu. Kwa joto na unyevu hukomaa kwa siku moja au mbili tu, kwa hiyo toa kila siku maranda yaliyolowa karibu na vyombo vya maji. Dawa za kawaida za kuoshea banda hazimuui. Ukavu unamdhoofisha zaidi. Tiba iliyozoeleka ni amproliamu, na hapa wengi huiharibu wenyewe: dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima koksidia vitamini B1. Ukiwachanganyia vitamini za kupunguza msongo siku hizohizo, unamlisha unayetaka kumuua. Vitamini zije dozi ikishaisha.

Kuwachanganya

Karantini ikiisha, tenganisha wageni na wenyeji kwa wavu tu kwa siku 7 hadi 10, vyombo vya chakula vikiwa karibu na wavu pande zote mbili. Usiingize kuku mmoja peke yake. Waingie angalau watatu. Kuku wachanga wasichanganywe na wanaotaga kabla ya kufikisha wiki 16.

Nafasi ipimwe kabla: kuku wakubwa wasizidi 4 kwa mita moja ya mraba, sentimita 20 hadi 25 za fito kwa kila mmoja, kiota 1 kwa kuku 4 au 5 na chenye giza kiasi, maana wekundu wa tundu la haja baada ya kutaga huvuta midomo. Jogoo 1 atosha mitetea 8 hadi 10. Ongeza chombo kimoja cha chakula na kimoja cha maji, mbali na vile vya zamani, ili mbabe mmoja asivilinde vyote. Egesha mbao au matawi ukutani, anayefukuzwa apate pa kujificha.

Kuwaingiza usiku hakuwadanganyi. Ugomvi unasogezwa alfajiri tu, na wewe uko kitandani. Ni bora alasiri, uani, penye nafasi ya kukimbia, ukiwa umesimama hapo.

Dono moja la kichwani na hatua chache za kufukuza ni kupangana vyeo. Waache, itachukua wiki moja hadi tatu. Ingilia kati ukiona damu, au wawili wakimvamia mmoja. Jioni papasa gole (mfuko wa chakula chini ya shingo): likiwa tupu, huyo amezuiwa kula kutwa nzima.

Mtoe mbabe, si mwonewa. Akikaa siku 3 hadi 5 asikoonekana, atarudi kama mgeni. Mwonewa ukimtoa, hupoteza hata cheo kidogo alichonacho. Mwenye jeraha la damu ndiye pekee wa kumtoa papo hapo: osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa chumvi kijiko cha chai 1, paka iodini, na asirudi mpaka kidonda kikauke.

Wakiendelea kulana manyoya ingawa nafasi ipo, angalia chakula. Wanaotaga wanahitaji protini asilimia 16 hadi 18, na anayeongeza pumba au mahindi juu ya chakula kamili huishusha bila kujua. Wiki mbili baada ya kuchanganya, rudi na tochi na kitambaa cheupe, ukague wenyeji pia.