Kulea mtoto Kikristo bila kumchapa, na pa kuanzia

Bwana asifiwe wazazi wenzangu. Hii nawaandikia akina mama na akina baba ambao wanataka kuacha kuchapa watoto lakini kila wakijaribu wanaambiwa ati Biblia imesema lazima mtoto apigwe. Wacha tuanze hapo kwanza, manake hilo lisipoisha moyoni hata upewe mbinu gani, siku ukikasirika utarudia tu kuchapa kwa mwiko.

Mstari unaotajwa kila saa ni Mithali 13:24, asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe. Upo, na mtoto kurudiwa, yaani kufundishwa adabu, lazima arudiwe, hapo hatubishani. Lakini Kumbukumbu la Torati 21 nayo inasema mwana mkaidi apigwe mawe na watu wa mji hadi afe, na hakuna kanisa kutoka Likoni mpaka Mtwapa, huku kwetu Pwani, linalofanya hivo, kwa sababu sisi tunasoma Agano la Kale tukimtazama Yesu. Sasa mtazame. Wanafunzi waliwakemea waliomletea watoto, yeye akachukizwa na hao wanafunzi, akawakumbatia watoto na kuwabariki, iko Marko 10. Paulo akawaambia akina baba msiwachokoze watoto wenu wasije wakakata tamaa, Wakolosai 3:21, na hao aliwaandikia wakati baba alikuwa na amri kubwa sana juu ya watoto wake. Na Isaya 53 inatuambia adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake. Kama adhabu yangu mimi mtu mzima ilibebwa na mwingine, nashindwa kuona kwa nini ya mtoto wa miaka mitano ailipe kwa mgongo wake.

Tena kuna Rehoboamu, mwanawe Sulemani mwenyewe, yule wa Mithali. Wazee walimshauri aongee na watu kwa upole, yeye akawaambia baba yangu aliwapiga kwa mijeledi mimi nitawapiga kwa nge, na makabila kumi yakamuacha. Ukali ulimpotezea watu, someni 1 Wafalme 12 polepole.

Sasa nyumbani. Mwiko urudi kazi yake ya kusonga sima, na kile kipande cha mpira kilichofichwa juu ya kabati kitupwe kabisa. Halafu ongea na kila mtu anayelea huyo mtoto, baba yake, nyanya yake, msichana wa kazi, kwa sababu ukiacha wewe na nyanya anaendelea hujafanya kitu. Nyanya atakwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwambie ni kweli kabisa nyanya, atalia, nikimnyima simu atalia na sitampa, lakini sitampiga. Hiyo methali inakataza kuogopa machozi ya mtoto, haijataja bakora popote.

Pia jua saa zako mbaya. Watoto wengi wanachapwa jioni, mzazi ametoka kusimama foleni ya feri ama amekaa jam ya Makupa, joto la Machi, stima imepotea na mtoto mwenyewe hajatia kitu tumboni tangu saa saba. Hapo usianze kesi. Mpe chai na hamri, aoge maji baridi, nawe uoge, kesi itangoja na mara nyingi ukimaliza kuoga utaona haikuwa kubwa hivo.

Na kesi yenyewe inaendeshwa vipi? Tuseme umemtuma mtoto wa miaka minane dukani, anarudi na unga lakini chenji imepungua shilingi ishirini, anasema imeanguka njiani na ulimi wote mwekundu wa mabuyu. Usimuulize "pesa iko wapi?" na jibu unalijua, hapo unamfundisha kudanganya tu. Kaa chini mlingane macho, sauti ya kawaida: "Mwanangu, naona ulimi wako mwekundu na chenji haijatimia. Umenunua mabuyu." Nyamaza. Usijaze hiyo kimya na maneno, mngoje, atainamisha kichwa na atasema mwenyewe. Akisema ukweli mshukuru kwanza, kisha deni lilipwe, itoke kwa pesa zake kama anazo ama afanye kazi ya ziada ambayo si yake, kama kusugua sufuria. Halafu kesho mtume tena, duka lile lile, na akirudi ahesabu chenji mbele yako. Hapo ndo pagumu kwa wazazi wengi, kumuamini tena, lakini angalia Zakayo, yule mtoza ushuru, Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti, na ni Zakayo mwenyewe alisema atalipa mara nne.

Kwa mdogo wa mwaka mmoja na nusu maneno mengi hayasaidii. Akikimbilia jiko la makaa shika mkono, sema "moto, hapana", mbebe umpeleke kwingine, na jiko liwekwe mahali hafiki. Atarudi tena na tena, akili yake bado changa, hana kiburi huyo.

Wewe ukihisi mkono unawasha mwambie wazi, "mama amekasirika, natoka nje kidogo nitarudi tuongee", na urudi kweli. Ukishapiga kelele omba msamaha, haikushushi heshima. Na ujue mwanzoni mtoto aliyezoea kiboko atazidi utundu, anapima kama umebadilika ama umechoka tu, usikate tamaa.

Shuleni nako. Viboko shuleni vimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inamlinda mtoto na kila aina ya ukatili. Mtoto akirudi na alama, mpige picha, nenda kwa mwalimu mkuu mwende na mzazi mwingine, ongea kwa heshima lakini usiondoke bila jibu. Wakikupuuza kuna namba 116 ya Childline Kenya, kupiga ni bure.