Kupunguza kitambi na kujenga pumzi kwa kilima cha mtaani: nusu saa, mara mbili kwa wiki

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa ni pungufu kidogo, Njombe ni juu zaidi. Kwa anayetaka mazoezi makali ya muda mfupi, faida yake ni vilima: ukitoka getini hukosi pa kupanda. Hasara ni hewa. Oksijeni inayoingia kwa kila pumzi ni karibu moja ya tano pungufu kuliko ya Dar, kwa hiyo ratiba uliyoiona kwenye video ya mtu wa pwani ukiifuata kama ilivyo, pumzi itakukatikia kabla misuli haijafanya kazi ya maana. Aliyetoka Dar au Tanga juzi asubiri wiki mbili za kutembea tu.

Mazoezi haya ni ya raundi: unapanda kilima kwa nguvu sekunde chache, unapumzika, unarudia. Wengi huyaharibu kwenye pumziko. Wanaona kusimama ni uvivu, wanalikata, na kuanzia raundi ya nne wanakuwa wanafanya jogingi ya kuchoka. Akiba ya nguvu ya haraka kwenye misuli hurudi kama nusu ndani ya nusu dakika, na huhitaji dakika mbili, tatu au zaidi kukaribia kujaa. Usipoisubiri, huna cha kukimbilia.

Ratiba maarufu ya sekunde 20 za kazi na 10 za pumziko imetokana na utafiti wa Mjapani Izumi Tabata na wenzake, wa mwaka 1996. Ulifanyika kwenye baiskeli ya maabara, kwa vijana wanamichezo, na kilichopimwa ni uwezo wa pumzi na misuli. Mafuta ya mwili hayakuwa hoja. Anayeanza leo aiache.

Hatua ya 1: Jikague

Mwenye presha, anayetumia dawa za kisukari, mwenye maumivu ya kifua, mjamzito au aliyejifungua karibuni aonane na daktari kwanza. Wengine waliokaa muda mrefu bila mazoezi watembee haraka dakika 30, siku nne kwa wiki, kwa wiki tatu. Ukiweza kupanda na kushuka dakika hizo 30 bila kusimama, na kesho yake magoti hayalalamiki, endelea. Mwenye uzito mkubwa halazimiki kukimbia hata mara moja. Kupanda kilima kwa kutembea kwa nguvu, mikono ikipiga, kutampeleka mapigo ya moyo kulekule.

Hatua ya 2: Chagua kilima

Tafuta kipande cha mita 80 hadi 100, ardhi ngumu, chenye mwinuko ambao mwendesha baiskeli anaanza kusimama kwenye pedali. Kikizidi hapo utakuwa unatambaa. Kupanda kuna usalama wake: mwendo ni mdogo kuliko tambarare, kishindo cha mguu kinapungua, na msuli wa nyuma ya paja hauvutwi sana.

Barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, iache kwa malori ya Tunduma. Utavuta moshi na kuhatarisha maisha. Kwa Iringa, mpando wa kutoka Ipogolo kwenda mjini una magari mengi, chukua njia za ndani ya mitaa. Masika udongo mwekundu unateleza, tafuta lami au zege. Juni hadi Agosti usikimbilie alfajiri, hasa mwenye pumu, kwa sababu hewa baridi na kavu hubana kifua. Saa kumi na moja jioni panafaa.

Hatua ya 3: Pasha mwili

Dakika 8, na msimu wa baridi ziwe 12. Tembea haraka dakika 4, kisha jogingi nyepesi dakika 3. Zungusha vifundo vya miguu, chuchumaa na kusimama mara 10, inuka kwa vidole mara 15. Dakika hizo zikiisha, panda kilima mara mbili kwa nusu ya nguvu. Kuinuka kwa vidole usikuruke, maana kilima hukimbiwa kwa mbele ya unyayo, na mshipa mnene wa kisigino ukianza na baridi ndio utakaouma kesho. Sweta livue ukishapata jasho.

Hatua ya 4: Kazi yenyewe

Weka jiwe pa kuanzia. Washa stopwochi ya simu, panda sekunde 20 kwa nguvu ya 8 kati ya 10: ukiulizwa jambo unajibu neno moja tu, lakini ungeweza kuongeza kidogo. Sekunde zikiisha, weka jiwe la pili hapo ulipofika. Wengi hufika kati ya mita 50 na 80.

Sasa shuka kwa kutembea, polepole. Usishuke mbio, kushuka ndiko kunakoleta maumivu ya goti na ya muundi. Ukifika chini simama hadi dakika mbili zitimie, kisha gusa shingo uhesabu mapigo kwa sekunde 15. Kwa mtu wa miaka 35, yakiwa 30 au pungufu, panda tena. Yakizidi hapo, ongeza nusu dakika. Anayetumia dawa za presha asitegemee hesabu hii, atumie pumzi: aweze kusema sentensi nzima bila kuhema.

Jiwe la pili ndilo refa wako. Kila raundi tazama umelifikia au umepungukiwa. Kama ni mita 60 na sasa unaishia hatua tatu nyuma yake, bado ni sawa. Ukipungukiwa zaidi ya hatua saba au nane, funga kazi ya siku hiyo hata kama raundi zimebaki. Na kama raundi ya pili ulilipita mbali kisha ya tatu hulioni, ulianza kwa papara. Siku nyingine anza na 7 kati ya 10.

Wiki zinakwenda hivi, siku mbili zisizofuatana, mfano Jumanne na Ijumaa:

- Wiki ya 1 na 2: raundi 6 za sekunde 20, pumziko dakika 2.
- Wiki ya 3 na 4: raundi 8 za sekunde 20, pumziko dakika 2.
- Wiki ya 5: raundi 4 tu. Usiiruke, mishipa ya miguu hukomaa taratibu kuliko pumzi.
- Wiki ya 6 hadi 8: raundi 6 hadi 8 za sekunde 30, pumziko dakika 2 na nusu. Jiwe la pili lipime upya.

Malizia kwa kutembea dakika 5. Ukisikia kifua kubana, kizunguzungu au maumivu yanayoelekea mkono au taya, acha na uende hospitali, usisubiri yapite.

Siku ya mvua

Kibarazani: kuruka kamba, skwati, pushapu (kwa kuegemea ukuta kama hujazoea), kupanda na kushuka ngazi moja kwa kasi. Kila zoezi sekunde 20, pumziko 40, mizunguko mitatu. Dakika 12 zinatosha.

Hatua ya 5: Siku zilizobaki na sahani

Tembea siku tatu au nne, dakika 30 hadi 45. Siku mbili za skwati na pushapu za taratibu zinalinda misuli wakati mafuta yanapungua. Kilima cha kila siku kinaleta usingizi mbovu na miundi inayouma ukiibonyeza.

Hapa tusidanganyane. Kwa mtu wa kilo 75, nusu saa hii inaunguza kalori 200 hadi 250, na zile kalori zinazosifiwa sana kuwa huendelea kuungua baada ya mazoezi zinaongeza kidogo tu. Soda moja ya mililita 350 inarudisha karibu 150. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni 120. Parachichi ni chakula kizuri, lakini gramu 100 za nyama yake ni kama kalori 160, na ukila la Rungwe au Njombe aghalabu huishii gramu 100. Unga wa ugali gramu 200 ni zaidi ya 700.

Anza na mafuta ya kukaangia na vinywaji vya sukari, kisha punguza ugali kwa robo na ujaze nafasi kwa maharage, dagaa, mayai na mboga. Ukipunguza kalori 300 hadi 500 kwa siku, nusu kilo kwa wiki ni matarajio ya haki. Kujifunga nailoni tumboni kunatoa maji, nayo yanarudi ukinywa. Sit-apu hazichomi mafuta ya tumbo peke yake.

Hatua ya 6: Pima

Tumia futi ya fundi cherehani. Asubuhi kabla ya chai, baada ya msalani, izungushe usawa wa kitovu, pumua nje kawaida, soma. Mara moja kwa wiki, siku ileile. Mzani pekee hudanganya: baada ya kilima unaweza kupungua nusu kilo ya jasho tu, na wiki ya kwanza misuli yenye maumivu hushika maji ukaonekana umeongezeka.

Kiuno kikigoma wiki tatu huku jiwe la pili linasogea juu, pumzi imejengeka na tatizo liko kwenye sahani, usiongeze raundi. Jiwe likirudi nyuma wiki mbili mfululizo, pumzika siku tano na uangalie usingizi. Na ukiugua malaria au homa yoyote, subiri wiki nzima baada ya kupona, kisha anza upya na ratiba ya wiki ya 1, hata kama ulikuwa umefika ya 8.