Kulea hisia na utangamano katika masomo ya nyumbani

Mtaala wa Umilisi nchini Kenya unataja umilisi 7 wa kimsingi, ukiwemo mawasiliano na ushirikiano, lakini mzazi anayewafundisha wanawe nyumbani hapa Kisumu hahitaji kuutengea kipindi cha pekee, kwa kuwa shughuli za kila siku zinatosha. Asubuhi, kabla ya kufungua vitabu, kila mtu, mzazi akiwemo, aseme anavyojisikia; usiridhike na "niko sawa", bali msaidie mtoto kutofautisha hasira, wivu na uchovu.

Wakati mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule wa kuchambua omena, wale dagaa wa ziwani: mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwenye ungo, mtoto husema mambo ambayo asingeyasema akiulizwa ana kwa ana. Msikilize bila kumkatiza, kisha umrudishie ulichosikia: "Kumbe uliumia dada yako alipokucheka." Wakigombana, waache watulie kwanza, ndipo kila mmoja aeleze kilichotokea na atakavyorekebisha. Ikiwa ni wewe uliyefoka, waombe radhi siku iyo hiyo, tena waziwazi.

Ukienda soko la Kibuye, mwache mkubwa wao amsalimu muuzaji na kupatana bei mwenyewe.