Kuuza vinyago na vikapu Mtwara: someni kabla ya kuniuliza tena

Tangu Nane Nane ya Ngongo, Lindi, iishe, inbox yangu ina swali moja: "Dada, naanzaje?" Naandika mara moja tu.

1. Anza na bidhaa mbili au tatu. Mimi nina vinyago vidogo vya mpingo na vikapu vya ukindu.

2. Lipia meza mapema, udai risiti.

3. Andika bei. Wageni wa Mikindani wasipoiona, wengi wanapita bila kuuliza.

4. Mti mbichi. Hapa ndipo nilipoungulia. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua vinyago 18 vya ujamaa (vile vya watu waliobebana), vinang'aa, bei ya kutupa. Nikavipanga juani kutwa. Siku ya tatu vitano vimepasuka. Kimoja ufa ulipita usoni mwa yule mzee wa chini aliyebeba ukoo mzima. Kisha mteja wa Dodoma akanitumia picha ya chake. Nikarudisha hela. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na unyevu wake hutoka polepole mno. Jua likikausha nje huku ndani kubichi, nje kunanywea na ndani kunagoma, basi unapasuka, hasa kuanzia kwenye ncha. Kwa hiyo muulize mchongaji gogo lilikatwa lini. Paka nta kwenye ncha na kwenye kitako. Mezani funga turubai, USIPANGE JUANI hata kwa nusu saa ya kupiga picha. Na aliyekwambia ukaushe juu ya bati, usimsikilize. Mimi nilimsikiliza.

5. Beba chenji.

MASWALI

— Kinyago shingapi?
Hili ni somo, siyo duka.

— Mti mweupe nikiupaka rangi ya viatu si unakuwa mpingo?
Unakuwa mti mweupe wenye rangi ya viatu. Mteja akitoka jasho mikononi umeumbuka. Taja mti wako kwa jina, uuze kwa bei yake.

— Naanzaje na mtaji mdogo?
Namba 1. Umesoma kweli?

— Shikamoo dada. Niko Lindi. Mchongaji akisema gogo limekauka, nitahakikishaje?
Marahaba mdogo wangu, swali hili nilikuwa nalisubiri. Omba mizani ya muuza duka. Pima kinyago, andika uzito kwa penseli chini ya kitako, kiweke kivulini, pima tena kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, bado kibichi. Ukigoma wiki tatu mfululizo, kipeleke sokoni. Anza na kimoja tu kabla ya kuchukua mzigo wote.

— Kuna Mjerumani anataka vinyago 200. Natuma tu?
Hapana. Mpingo umo tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mzigo wa biashara kwenda nje, anzia ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kabla hujapokea hata shilingi.

— Vikapu vyangu vinaota ukungu masika, nifanyeje?
Vinyanyue sakafuni, na usivifunge kwenye nailoni.

— Mimi natia vipande vya mkaa katikati yake, vinakaa vikavu. Vile vidogo najaza korosho za kukaanga, nauza vyote kwa pamoja.
Hiyo ya korosho nakuibia leo leo. Ila zitie kwenye kifuko kwanza, mafuta yake yanachafua ukindu.